Kabati Imara la Vitabu na Faili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Haya ni maswali ambayo watu huuliza kabla ya kutoa arbuni kwenye soko la Kibuye mjini Kisumu, kwenye karakana za Nakuru, au kwa fundi wa mtaani Kakamega na Bungoma. Majibu yana vipimo kwa sababu neno "imara" kila muuzaji analo.

Mbao gani ndiyo imara kuliko zote?

Swali hili huulizwa la kwanza, ingawa lilifaa kuwa la tatu. Kabati la mahogani lenye rafu za futi nne litapinda kabla ya lile la saiprasi lenye rafu za futi mbili. Angalia kwanza urefu wa rafu, kisha namna ilivyoungwa na mbavu (mbao za wima za pembeni), ndipo uulize jina la mti. Wengi hufanya kinyume, wakalipia jina.

Kwa nini rafu hushuka tumbo, na urefu salama ni upi?

Rafu hubeba mzigo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, tofauti na kiti ambacho hupumzika ukiinuka. Ukiongeza urefu wake kati ya ubavu mmoja na mwingine, kupinda hakuongezeki kwa kiasi hicho hicho. Kunapanda kwa kipeo cha nne. Rafu ya sentimita 90 hupinda karibu mara tano zaidi ya ile ya sentimita 60, kwa mbao ileile na vitabu vya aina ileile. Unene nao hufanya kazi kwa kipeo cha tatu: kutoka milimita 18 hadi 25, rafu inakuwa ngumu zaidi ya mara mbili na nusu.

Chukua rafu ya MDF (bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, kina sentimita 30, urefu sentimita 90, iliyojaa vitabu vya kawaida. Siku ya kwanza itashuka kama milimita 6 katikati. Ikikaa na mzigo huo mwaka mmoja au miwili, MDF huendelea kulegea polepole na kiasi hicho huweza kuongezeka maradufu. Jicho la mtu huanza kuona kasoro kwenye milimita 2 au 3 kwa mita, kwa hiyo hiyo ya 12 itaonekana hata mlangoni. Saiprasi iliyorandwa ikabaki milimita 20, kwa urefu huohuo, huanza na milimita 2 hivi.

Mipaka ya kutumia unapoagiza:

- Chipbodi (bodi ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) au MDF ya mm 18: usizidi sentimita 60.
- Plaiwudi au blokbodi ya mm 18: sentimita 75.
- Saiprasi ya inchi moja: sentimita 80.
- Mbao ngumu iliyobaki mm 25 baada ya randa: mita moja.

Kama ni faili za ofisi, punguza sentimita 10 kwenye kila kipimo, au ongeza mkanda wa mbao kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu. Mkanda wa saiprasi wenye unene wa milimita 20 na kimo cha milimita 40, uliogundishwa na kupigwa skrubu, huishusha ile milimita 6 ya MDF hadi 2. Ni kipande cha mbao cha bei ndogo, na karibu hakuna anayekiulizia.

Vitabu vyangu vina uzito gani hasa?

Mita moja ya vitabu vya kawaida vilivyosimama huwa na kilo 25 hadi 30. Vitabu vya sheria, udaktari na ensaiklopidia vyenye karatasi nzito hufika 40. Kwa faili hesabu ni rahisi: rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ina kilo 2.5, na faili kubwa ya chuma cha kubana, yenye mgongo wa sentimita 7.5 hadi 8, ikijaa inachukua karibu rimu nzima. Pamoja na jalada lake ni kama kilo 3. Faili 12 zinajaza mita moja, yaani kilo 36.

Saiprasi, paini, mkaratusi, grevilia, mahogani: zinatofautianaje?

Saiprasi ndiyo mbao ya kawaida ya makabati kwetu. Inatoka kwenye misitu ya kupandwa ya nyanda za juu, pande za Elburgon, Molo na Timboroa. Inarandika vizuri, haipindi sana ikikauka, na kiini chake kinastahimili wadudu kuliko paini. Kasoro yake ni vifundo. Kifundo kidogo kilichokaza hakina neno. Kikubwa, chenye mzunguko mweusi na kinachocheza ukikibonyeza, kikiwa katikati ya rafu, ndipo rafu itakapovunjikia.

Paini ni nyepesi, inapendwa na mchwa na inatoa utomvu unaoshika vitabu. Inafaa ikiwa imetibiwa na kupakwa vanishi vizuri. Mkaratusi ni mgumu na mzito, lakini hujipinda na kupasuka unapokauka. Uchukue tu kama umekauka kweli na mbao bado imenyooka. Grevilia ina nyuzi za kupendeza na inafaa kwa kabati la nyumbani. Mahogani na mvule, nyingi zikiingia kupitia Busia na Malaba kutoka Uganda na Kongo, ni nzuri sana, ila ukiweka rafu fupi hutahitaji kuzilipia isipokuwa kwa ajili ya sura.

Nitajuaje kama "mahogani" hii si saiprasi iliyopakwa rangi?

Usitazame mbele. Lilaze kabati uone chini ya kitako na nyuma ya rafu ya juu, mahali ambapo fundi hakujisumbua kupaka. Kwaruza kidogo kwa ufunguo mahali pasipoonekana: rangi ikitoka na chini kukawa njano au nyeupe, umepata jibu. Saiprasi pia ina vifundo vingi vidogo na harufu kali inayofahamika. Mahogani huwa na vifundo vichache na ina vitundu vidogo vinavyoonekana kwenye nyuzi kama michirizi mifupi. Kupaka saiprasi rangi ya mahogani si kosa. Kosa ni kuiuza kwa bei ya mahogani.

Fundi anasema mbao zimekauka. Nithibitisheje?

Mbao mbichi ndiyo chanzo cha malalamiko mengi: viungo vinaachia, milango inakwama, rafu inajikunja kama bawa. Mbao ya inchi moja ya saiprasi iliyopangwa kivulini kwa vijiti vya kutenganisha huhitaji miezi miwili hadi mitatu, na zaidi msimu wa mvua. Kuianika juani siku nne juu ya paa hukausha ngozi tu, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Shika vipande viwili vya ukubwa sawa. Kilicho kibichi ni kizito waziwazi na huwa baridi ukikiweka shavuni. Tazama taka za randa: za mbao kavu hukatika na kupasuka, za mbao mbichi hujikunja laini. Ukipata mtu mwenye kipima unyevu, tafuta asilimia 15 au chini. Karakana zenye kipima hicho ni chache, ila kwa agizo kubwa la ofisi au la maktaba ya shule, inafaa kukiazima.

MDF, chipbodi, plaiwudi na blokbodi: ipi ya kuchagua?

Kwa rafu za vitabu, blokbodi au plaiwudi. Blokbodi ina vipande vya mbao vilivyobanwa katikati, na ni lazima vipande hivyo vielekee urefu wa rafu. Vikikaa kwa upana, rafu itapinda mapema hata kama bodi ni ya bei ghali. Tazama mwisho wa rafu iliyokatwa: kwenye ncha fupi unapaswa kuona vichwa vya vipande vimepangana.

MDF ni laini, inapakika rangi vizuri, na inafaa kwa milango na rafu fupi. Adui yake ni maji. Nyumba nyingi hupigwa deki kwa maji tele kila asubuhi, na kitako cha MDF kinachogusa sakafu hufura kutoka chini, kikapasua rangi, na hakirudi tena. Chipbodi ni hivyohivyo, na zaidi: skrubu ikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu, tundu linakuwa unga. Ndiyo sababu yale makabati ya kuunganishwa nyumbani huwa mazuri hadi siku ya kuhama.

Bodi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha kabati moja?

Inatosha, ikiwa itakatwa kwa mpango. Bodi ina milimita 2440 kwa 1220. Ichanwe kwa urefu upate mikanda minne ya milimita 300; zile 20 zinazobaki zinaliwa na msumeno na kunyoosha kingo. Mikanda miwili itoe mbavu mbili za 1800. Miwili iliyobaki kila mmoja utoe vipande vitatu vya 764, jumla sita: cha juu, cha chini na rafu nne za katikati. Unapata kabati la kimo cha sentimita 180, upana 80, kina 30.

Ukiacha kitako cha milimita 80 na kutoa unene wa vipande sita, zinabaki milimita 1612 za nafasi. Kwa ofisi ndogo, gawa hivi: nafasi tatu za chini za 350 kwa faili, ambazo zina kimo cha karibu 320, na mbili za juu za 281 kwa vitabu vya kiada. Rafu hizi za 764 zinazidi ile mipaka ya juu, basi ziwekee ule mkanda wa mbele wa milimita 40, na ukumbuke utashuka milimita 22 chini ya rafu, kwa hiyo uwazi wa kuingizia faili unabaki 328. Faili inapita, lakini fundi akikosea hata sentimita moja haitapita. Mpe kipimo cha nafasi ya ndani, usimwambie tu "rafu tano".

Mabaki mawili ya kama 640 yatumike kwa kitako, kikiungwa kwa vipande viwili kwa sababu upana wa ndani ni 764. Mgongo unahitaji plaiwudi ya milimita 6, kipande cha 1800 kwa 800. Ongeza skrubu za inchi mbili karibu 40, fupi za mgongo karibu 50, na gundi nyeupe ya mbao nusu lita.

Misumari haitoshi?

Haitoshi. Msumari uliopigwa kutoka nje ya ubavu unaingia kwenye ncha ya rafu, mahali ambapo nyuzi hazishiki, na kila unapotoa au kurudisha faili unalegea kidogo.

Kiungo kizuri kwa rafu isiyohamishika ni mfereji: ubavu unachongwa kina cha milimita 6, upana sawa na unene wa rafu, rafu inaingia humo kwa gundi na skrubu mbili au tatu. Hapo mzigo unabebwa na mbao yenyewe, skrubu inabana tu. Mfereji usizidi theluthi moja ya unene wa ubavu. Kama fundi hana mashine ya kuchonga mifereji, akubali angalau kuweka vijiti vya inchi 1 kwa inchi 1 chini ya kila rafu, vilivyogundishwa na kupigwa skrubu ubavuni. Si maridadi, lakini vinabeba.

Kwenye ukingo wa MDF atoboe kwanza kwa keekee ya milimita 3, la sivyo skrubu itafungua bodi katikati kama kitabu. Gundi ibanwe kwa klempu na iachwe usiku kucha. Kabati lililogundishwa asubuhi na kupakiwa kwenye tuktuk jioni limeshaharibika hata kama halijaonekana.

Rafu za kusogezwa kwa pini ni sawa, mradi pini ziwe za chuma za milimita 5 na rafu moja ya katikati ifungwe kabisa. Bila hiyo moja, mbavu hufunguka nje na pini hudondoka.

Mgongo wa plaiwudi una kazi gani, au ni urembo?

Ndio unaozuia kabati kuyumba kwa upande. Kabati lisilo na mgongo, au lenye mgongo wa hadibodi ya milimita 3 uliopigwa misumari minne, ukilisukuma kwenye kona ya juu linaegemea na kurudi. Mgongo wa milimita 6 upigwe skrubu pembeni kote kila sentimita 15, na kwenye kila rafu pia. Kabla ya kuufunga, fundi apime pembe kwa pembe: kabati la 180 kwa 80 linatoa karibu sentimita 197 pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 3, alisukume lilingane kwanza.

Ni lazima nilifunge ukutani?

Kama kimo kinazidi mara nne ya kina, ndiyo, na kabati la 180 kwa 30 linazidi. Mtoto akipanda rafu ya tatu kufuata kitu, kilo mia moja na ushee zinamwangukia. Tena sisi tuko kando ya Bonde la Ufa: tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilitokea hapohapo Nakuru.

Tumia vyuma viwili vya pembe juu ya kabati. Ukuta wa mawe au matofali: toboa milimita 8, weka plagi ya plastiki ya milimita 8, skrubu ya 5 kwa 60. Plasta peke yake haishiki, na huwa na unene wa milimita 12 hadi 20, ndiyo maana skrubu fupi hutoka na kipande cha ukuta. Ukuta wa jipsamu wa ofisi: gongagonga utafute fremu iliyo ndani, na ufunge hapo. Ukuta wa udongo: pitisha mbao ya mlalo iliyofungwa kwenye nguzo za nyumba, kisha kabati lifungwe kwenye mbao hiyo.

Mchwa je?

Mchwa hutoka ardhini, hupita kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya plasta, na huingia kabati kwa chini na nyuma, sehemu mbili ambazo hazitazamwi. Kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani, jaza nafasi hiyo kwa vipande vya mbao pale tu kwenye vyuma vya kufungia, na upige tochi huko nyuma kila mwezi kutafuta njia za udongo. Miguu ya sentimita 10 ni bora kuliko kitako kilichozibwa, kwa sababu unaona chini na deki inapita. Sehemu nyeupe ya nje ya mti huliwa kwanza hata kwenye saiprasi, basi isitumike kwa kitako.

Dawa ya mbao ipakwe kabla ya kuunganisha, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka, iachwe kwa nguzo za ua. Ndani ya nyumba inanuka, inachafua vitabu na inashika moto.

Ukiona unga laini na vitundu vidogo vya mviringo, huyo si mchwa. Ni fukusi, na huwa alikuja ndani ya mbao tangu yadi ya kuuzia mbao.

Niweke milango ya vioo?

Nakuru, ndiyo, kwa sababu ya vumbi. Kisumu, fikiria mara mbili: joto na unyevu wa ziwani vikifungiwa ndani pamoja na vitabu, ukungu huota kwenye majalada ya kitambaa na ya ngozi. Ukitaka vioo huko, toboa matundu manne ya inchi moja mgongoni, mawili juu na mawili chini, uyafunike kwa wavu, na usilisimamishe kabati kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Kakamega na Kisii ni vivyo hivyo.

Kabati la chuma halingekuwa jibu rahisi zaidi?

Kwa ofisi yenye faili nyingi, mara nyingi ndiyo. Uliza geji ya bati, na ukumbuke namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 22 ni kama milimita 0.7, geji 20 ni 0.9, geji 18 ni 1.2. Rafu ya faili iwe geji 20 au nene zaidi, na ukingo wake uwe umekunjwa mara mbili. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba likatoa mlio na kurudi, liache. Kwa fremu ya kuchomelewa, tyubu za mraba za inchi moja za geji 16 zinatosha, rafu zikiwa za mbao. Kagua rangi kwenye kona za chini, kutu huanzia hapo.

Sakafu ya ghorofani itahimili?

Kabati moja la vipimo vya hapo juu likijaa lina kilo 150 hadi 170. Likikaa kando ya ukuta, sakafu ya zege haina shida nalo. Ukitaka chumba kizima cha faili, safu nyuma ya safu, muulize mhandisi kwanza: sakafu ya ofisi ya kawaida hupimwa kwa kama kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha kuhifadhia faili huhitaji maradufu ya hiyo.

Niandikiane nini na fundi?

Aina ya mbao, unene *baada ya randa*, vipimo vya nje na vya kila nafasi, aina ya kiungo, unene wa mgongo, mikono ya vanishi, tarehe, na nani anagharimia usafiri. "Inchi moja" ya yadini hubaki milimita 20 hadi 22 ikisharandwa, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Weka sharti la kuliona kabati kabla ya vanishi. Vanishi na puti huficha vifundo, mianya na misumari. Salio ulipe likiwa limesimama wima na umelitikisa.

Rafu zangu tayari zimepinda. Nitupe kabati?

Hapana. Toa vitabu, geuza rafu juu chini, kisha pigia ule mkanda wa 20 kwa 40 ukingo wa mbele kwa gundi na skrubu kila sentimita 15. Kama rafu inazidi sentimita 80, weka kigawanyio cha wima katikati, kuanzia rafu ya chini kabisa hadi ya juu, kila kipande kikisimama sawasawa juu ya kile cha chini yake. Kikiachwa nafasi moja, mzigo wote wa juu unaishia kwenye rafu hiyo. Chini ya kigawanyio cha mwisho, chini ya kitako, sukuma kipande cha mbao kinachogusa sakafu. Rafu ya chipbodi ambayo imeshapasuka upande wa chini haitengenezeki. Ibadilishe kwa plaiwudi ya kipimo kilekile.